Nani Aliwarusha Abiria?

Jioni ya Jumanne iliyopita nilisoma habari ya ajali ya basi. Ilikuwa habari fupi ya mistari sita, na kwa kuwa nimezisoma za aina hiyo kwa miaka mingi, ulimi ulikuwa unajiendea wenyewe. Nilisema kwamba basi hilo, lililokuwa katika mwendo wa kasi, lilishindwa kukata kona na kuacha njia, kwamba dereva alifunga breki lakini breki hazikuweza kulisimamisha, na kwamba lilipopinduka baadhi ya abiria walirushwa nje kupitia madirishani. Nikamaliza taarifa, nikazima kipaza sauti, nikaenda zangu nyumbani.

Mlangoni nikapokewa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye anakaa kwangu kwa ajili ya shule. Hakunipa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Shikamoo mjomba. Wale abiria wa basi, nani aliwarusha?"

"Marahaba, mjomba. Basi ndilo liliwarusha."

"Basi linaweza kumrusha mtu?"

Nikamwambia aache utani, watu wameumia. Akanijibu kwamba hatanii. Siku ileile mwalimu wao alikuwa amewafundisha kanuni za mwendo, na kwa jinsi alivyoelewa yeye, habari yangu ilikuwa na makosa matatu katika mistari sita. Sasa, ndugu msikilizaji, mtu aliyekaa katika chumba cha habari zaidi ya miaka 20, na stashahada yake ya uandishi imetundikwa ukutani, kuambiwa hivyo na mtoto wa kidato cha pili si jambo dogo. Nilivuta kiti nikakaa.

Wacha nikiri mapema kwamba mimi na fizikia tuliachana zamani, na bila ugomvi. Katika shule niliyosoma kanuni hizi ziliandikwa ubaoni kwa Kiingereza, tukaziimba kwa sauti moja kama kasuku, na hadi leo naweza kuziimba. Kuzielewa ni habari nyingine. Shule ya msingi tulikuwa tumefundishwa kani na msuguano kwa Kiswahili, tukavielewa. Tulipofika sekondari vilivaa nguo nyingine tukashindwa kuvitambua. Wala si kwamba lugha yetu haina maneno. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Maneno yapo yamekaa, yanasubiri wa kuyasema.

Basi, kwa ufupi, mpwa wangu alinieleza hivi. Kanuni ya kwanza ni ya Mwingereza Isaac Newton, aliyeichapisha mwaka 1687 katika kitabu cha Kilatini. (Jumuiya ya wanasayansi iliyopaswa kukigharamia kitabu hicho ilikuwa imemaliza fedha zake kwa kuchapisha kitabu cha samaki, ikabidi mtaalamu wa nyota Edmond Halley atoe fedha mfukoni mwake. Sisi tunaoomba fedha za matangazo tunamwelewa sana.) Kanuni hiyo inasema kwamba kitu kilichotulia kitaendelea kutulia, na kitu kinachokwenda kitaendelea kwenda, kwa kasi ileile na kwa mstari ulionyooka, mpaka kani kutoka nje ikibadilishe hali yake.

Ukiisikia kwa mara ya kwanza huiamini. Sote tumeona kwamba ukiacha kusukuma mkokoteni unasimama, na kwa karne nyingi watu wenye akili kubwa waliamini kwamba mwendo wowote unahitaji msukumaji asiyechoka. Kumbe mkokoteni hausimami kwa kukosa wa kuusukuma. Unasimamishwa na msuguano wa ekseli, mchanga na magurudumu. Ondoa msuguano, utaona. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha chombo cha angani kiitwacho Voyager 1. Leo kipo nje ya eneo la sayari zote, kinakwenda takriban kilomita 17 kwa kila sekunde, na hakuna injini inayokisukuma. Kinakwenda kwa sababu hakuna cha kukisimamisha.

Lakini huna haja ya kwenda mbali hivyo. Panda daladala la Mbagala saa 12 jioni, usimame. Konda akigonga bodi na dereva akaondoa gari kwa pupa, wote mnaegemea nyuma. Je, kuna aliyewavuta nyuma? Hakuna. Miili yenu ilikuwa imetulia na ilitaka kuendelea kutulia; miguu ndiyo iliyochukuliwa na sakafu. Mbele kidogo dereva anakanyaga breki kwa ajili ya abiria wa njiani, nanyi mnalaliana kuelekea kwake. Je, mmesukumwa? Hamkusukumwa. Gari limesimama, ninyi bado mnakwenda.

Na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Ndani ya basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, kila abiria naye anakwenda kilomita 80 kwa saa, hata yule aliyesinzia, hata mtoto anayenyonya. Hatujioni tuna kasi kwa sababu jirani yetu naye anayo. Basi likisimama ghafla, kasi ya basi imekwisha, ya abiria haijaguswa. Anaendelea na safari yake kama alivyokuwa, mpaka akutane na kitu cha kumsimamisha: mgongo wa kiti, chuma, kioo, au ardhi ya nje. Hakuna aliyemrusha.

Kosa la pili lilinichekesha. Nilisema basi lilishindwa kukata kona likaacha njia. Mpwa wangu akachora mstari ulionyooka, kisha barabara inayopinda. Gari kwa asili yake linataka kwenda moja kwa moja. Ili likunje, lazima pawe na kani ya kulisukuma upande, na kani hiyo inatoka mahali pamoja tu, pale matairi yanapoishika lami. Kasi ikizidi, kani inayotakiwa inazidi mno, na lami ina kikomo chake. "Kwa hiyo mjomba," akasema, "gari halikuacha njia. Njia ndiyo iliyoliacha gari." Mtu aliyewahi kuteremka Kitonga na dereva mwenye haraka ataelewa maana yake bila daftari.

La tatu lilinipa taabu zaidi, nalo ni la breki. Hapa inaingia kanuni ya tatu, kwamba kila kitu kinachosukuma nacho kinasukumwa, kwa nguvu ileile, kuelekea upande wa pili. Nikamuuliza swali ambalo nililiogopa kumuuliza mwalimu wangu miaka ile: kama mkokoteni unamvuta yule kijana nyuma sawasawa na anavyouvuta mbele, mbona unakwenda? Si wangebaki palepale?

Akanijibu kwamba nachanganya hesabu za watu wawili. Anachovutwa yule kijana ni cha kijana, na unachovutwa mkokoteni ni cha mkokoteni. Huwezi kuvijumlisha ukapata sifuri. Ukitaka kujua kwa nini kijana anasonga, tazama nyayo zake. Anaisukuma ardhi nyuma, ardhi inamsukuma mbele. Mwambie auvute mkokoteni uleule juu ya matope ya Jangwani baada ya mvua, utaona miguu inakwenda nyuma na mzigo umebaki ulipo. Nguvu zake ni zilezile. Ni ardhi iliyokataa kumsukuma.

Gari nalo ni hivyo hivyo. Injini inazungusha magurudumu, lakini kinacholisukuma gari mbele ni barabara. Na breki zinabana magurudumu, lakini kinacholisimamisha gari ni barabara. Breki nzima kabisa, zilizotoka dukani jana, zikifungwa kwenye tairi kipara juu ya lami iliyolowa, zitasimamisha magurudumu tu, na gari litateleza na magurudumu yake yaliyosimama. Kila siku tunaandika kwamba breki zilikatika au zilishindwa. Ni mara ngapi tumeuliza habari za matairi?

Hapo nikataka kumbana kidogo. Nikamwambia, kama nguvu ni sawasawa, basi lori na bodaboda vikigongana, kila kimoja kinampiga mwenzake sawa? Akasema ndiyo, sawa kabisa. Nikamuuliza mbona dereva wa lori hushuka mzima na wa bodaboda tunamtangaza marehemu. Akafungua kanuni ya pili, ile inayosema kwamba kani ni tungamo mara mchapuko. Yaani kani ileile inabadilisha mwendo wa kitu chepesi zaidi kuliko wa kitu kizito. Lori la tani 30 na bodaboda yenye kilo 200 pamoja na dereva wake zimepishana mara 150. Kani ni moja, lakini mwendo wa bodaboda unabadilika mara 150 zaidi. Dereva wa lori anahisi mtikisiko mdogo. Wengine wamesema hata hawakujua kama wamegonga.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote, na kwamba kwa wenye umri wa kuanzia miaka 5 hadi 29 hakuna kitu kinachoua zaidi. Ni umri wa mpwa wangu. Na nilipokuwa nikimtazama akipiga hesabu zake chini ya taa, nilikuwa nikitazama pia kovu lililo juu ya jicho lake la kushoto. Sasa nieleze habari ya kovu hilo.

Miaka 12 iliyopita nilitoka naye Dar es Salaam kumpeleka kwa mama yake Morogoro. Alikuwa na miaka mitatu. Tulipewa lifti na rafiki yangu mwenye pikapu, nami nikakaa mbele na mtoto nimempakata. Magharibi ilikuwa imeingia. Mbele yetu, baada ya kupita Chalinze, palikuwa na lori bovu lililosimama nusu barabarani, bila taa. Matawi ya miti waliyoweka kutuonya yalikuwa karibu mno na lori lenyewe. Tuliliona likiwa umbali wa kama nguzo moja ya umeme hadi nyingine, mita 50 hivi. Rafiki yangu alikuwa kwenye 80, mwendo ambao hakuna mtu angeuita wa kasi katika barabara ile. Alikanyaga breki kwa miguu miwili. Tukalipiga lori kwa nyuma, si kwa nguvu sana, boneti ikakunjamana. Nilipopata fahamu zangu vizuri, mikono yangu ilikuwa mitupu na mtoto alikuwa chini ya dashibodi, analia, uso umejaa damu.

Alipona. Lakini dada yangu alipofika hospitali aliniuliza swali moja: "Ulimwachiaje mtoto?" Hajalirudia tena tangu siku ile, wala hakuhitaji kulirudia. Nimejiuliza mwenyewe. Nilikuwa na miaka 35, nina nguvu zangu, mtoto yuko kifuani. Nilimwachiaje?

Nilimsimulia mpwa wangu Jumanne usiku. Alikuwa anajua kwamba ilitokea ajali. Sehemu ya mikono yangu hakuwa anaijua. Hakusema pole wala nini. Akafungua ukurasa mpya.

Kilomita 80 kwa saa, akaandika, ni mita 22 kwa sekunde. Tangu dereva aone hatari hadi mguu ukanyage breki, inapita kama sekunde moja. Basi mita 22 kati ya zile 50 zilikwisha kabla breki haijaguswa. Zikabaki 28. Kwa lami kavu na matairi mazuri, mita 28 hazitoshi kulisimamisha gari lililo kwenye 80. Zinatosha kulipunguza hadi mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Kwa mwendo huo ndio tulilipiga lori.

Gari lilisimama katika muda gani? Tuseme sehemu ya kumi ya sekunde, kwa kuwa boneti ilibonyea ikanunua muda kidogo. Kutoka mita 10 kwa sekunde hadi sifuri kwa muda huo, mtoto wa kilo 14 anahitaji kushikwa kwa kani ya nyutoni 1,400. Akaipigia mstari. Kisha akaigeuza iwe lugha yangu: ni sawa na kushika mzigo wa kilo 140.

"Mjomba," akasema, "ulikuwa unatakiwa kushika gunia moja na nusu la mahindi, kwa ghafla, bila kuambiwa."

Hakuna mtu anayeweza. Mpagazi wa sokoni hawezi. Mama hawezi, hata kwa uchungu wote wa mama. Mtoto hakuwa mzito. Kasi ndiyo iliyomfanya awe gunia, kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Nilinyamaza, na nisiwafiche, nilijisikia kama mtu aliyetolewa pingu.

Lakini yule kijana alikuwa hajamaliza. Aliniuliza nilikuwa na kilo ngapi. Nikasema 70. Na mkanda nilikuwa nimefunga? Nikasema hapana. Akaandika: nyutoni 7,000. Akaniuliza, sasa wewe mjomba, kilo zako 70 zilikuwa zinakwenda wapi wakati ule?

Zilikuwa zinakwenda palepale alipokuwa anakwenda yeye. Nilikuwa nyuma yake. Mtoto alikuwa katikati ya dashibodi na mimi. Kwa miaka 12 kosa langu lilikuwa kumwachia. Hesabu ikanivua kosa hilo ikanivika jingine, kwamba nilimpakata. Heri alinichomoka mapema akaanguka chini. Kama mikono yangu ingekuwa na nguvu nilizozitamani, ningembana.

Kuna jambo moja zaidi alilolichora, nami nitalisema haraka. Mafundi wakirushiana matofali kutoka kwenye lori, anayedaka hurudisha mikono nyuma pamoja na tofali. Ananunua muda, muda ukiongezeka, kani inapungua. Mkanda wa gari unafanya kazi hiyo, kukufunga na gari ili usimame pamoja nalo, kwa muda wa boneti. Asiyefunga, boneti haimsaidii. Gari linakuwa limekwisha kusimama, yeye ndiyo kwanza anafika kwenye dashibodi, na kichwa cha mtoto hakina boneti. Mkanda huu wa kupita begani na kiunoni ulibuniwa mwaka 1959 na mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, ambaye awali alikuwa akitengeneza viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege. Huyo angalau alijua kurusha mtu ni nini. Wenzetu wa Kenya walipolazimishwa na kanuni za Waziri John Michuki mwaka 2004 kuweka mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 katika matatu, kulikuwa na kelele nyingi. Mkanda wenyewe kwa mtoto mdogo hautoshi. Anahitaji kiti chake, cha kimo chake, nyuma. Na wawili kufunga mkanda mmoja ni kurudia kosa langu kwa njia nyingine.

Kabla ya kulala alipiga hesabu ya mwisho bila mimi kumwomba. Kama rafiki yangu angekuwa kwenye 70 badala ya 80, mita 50 zilezile, breki zilezile, tungesimama mita tatu na kitu kabla ya lori. Nilimwomba airudie. Akairudia, jibu likawa lilelile. Siri yake ni kwamba umbali wa breki haupandi sawasawa na kasi. Ukizidisha kasi mara mbili, umbali unazidi mara nne. Kwenye 50 breki zinahitaji kama mita 14, kwenye 100 zinahitaji 55.

Jumatano nikamwambia kijana mmoja wa chumba chetu cha habari, aliyeniletea ajali nyingine, afute neno "walirushwa" aandike kwamba abiria waliendelea na mwendo wakatoka nje. Mhariri wa zamu akalirudisha. Alisema wasikilizaji watadhani abiria waliendelea na safari.

Jioni nikampigia dada yangu Morogoro. Nilimsomea ukurasa wote wa mwanawe, kuanzia nguzo ya umeme hadi gunia moja na nusu, na zile kilo zangu 70 sikuzificha. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa kimya hata nikadhani simu imekatika.

"Siku ile," akasema, "mkanda ulikuwepo kwenye gari?"

Nikamwambia ulikuwepo, dada. Mwenye gari alikuwa ameuchomeka chini ya kitambaa cha kiti, usichafuke.